Shule na madrasa kwa pamoja: ratiba ya mtoto inavopangwa

Wazazi wengi mtoto akifika mwaka wa mtihani wanamsimamisha madrasa, eti akimaliza atarudi, halafu matokeo yakitoka wanataka juzuu zake zote za Qur'ani ziwe kichwani vile vile. Haiwi hivo jamani. Hifdhi, yaani Qur'ani aliyoihifadhi kwa moyo, isipodurusiwa miezi sita inapotea, na akirudi chuoni, yaani madrasa, anajikuta anakaa na watoto wadogo, anaona haya, ndo basi tena. Punguza, usikate.

Anza na hesabu. Ukurasa wa msahafu wa Madina una mistari 15 na juzuu ni kama kurasa 20. Akihifadhi mistari mitano kwa siku, ukurasa siku tatu, juzuu siku 60, na ukitoa Alhamisi na Ijumaa ambazo vyuo vingi vya pwani vinafunga, hizo ni wiki 12. Juzuu 30, yaani Qur'ani nzima, ni miaka saba hivi. Yaani mtoto anaejua kusoma vizuri akianza na miaka tisa anakhitimu na kumi na sita bila kukimbizwa na mtu, sasa ile haraka ya kutaka amalize kwa miaka miwili huku ana tuisheni mpaka usiku inatoka wapi?

Ile mistari mitano iwe baada ya swala ya alfajiri, kabla hajavaa yunifomu, dakika ishirini zinatosha. Jioni kuanzia alasiri mpaka magharibi aende chuoni, maalim amsikilize na asome fiqhi (sheria za ibada) na sira (maisha ya Mtume). Baada ya isha ni homuweki na kulala, saa tatu na nusu taa zimezimwa. Mtoto anaesinzia kwenye msahafu mara nyingi si mvivu, kalala saa sita kwenye simu.

Halafu ongea na maalim mapema, hili watu wanalipuuza sana. Yeye hajui moku, ule mtihani wa majaribio, ni lini wala mitihani ya muhula inaanza lini, anaona tu mtoto haji anadhani mtoro. Mpelekee tarehe, mkubaliane wiki hizo hakuna somo jipya, ni muraja'a tu, kurudia alichokwisha hifadhi, robo juzuu kwa siku. Likizo ndefu mnafidia.

Masomo yenyewe yaache yasaidiane pia. Mtoto anaeogopa sehemu kwenye hesabu mpe mirathi, ugawaji wa urithi. Mtu kafa kaacha mke, mama, mtoto wa kiume mmoja na wa kike mmoja: mke 1/8, mama 1/6, jumlisha upate 7/24, zinabaki 17/24 wanagawana watoto, wa kiume mafungu mawili wa kike moja. Hapo kapitia kigawe kidogo cha shirika na aya za Suratun Nisaa kwa mpigo, na siku hiyo hutamsikia akiuliza hesabu zina faida gani.

Kwa Tanzania, akifika sekondari asome EDK (Elimu ya Dini ya Kiislamu), mtihani wake unafanywa kwa Kiswahili na mtoto wa madrasa kashavijua vingi humo. Lakini angalieni hapa: vyuo vingi vya kati vinataka D nne ZISIZO za somo la dini. Kijana ana A ya EDK na F kibao kwingine, ile A haimfikishi popote. Kwa hiyo muda mwingi uende kwenye Hesabu, Kingereza na sayansi, EDK ataimudu tu.

Wanaotaka seminari ya bweni, jina la shule na kanzu nyeupe visiwadanganye. Nendeni siku ya kazi, ulizeni mwalimu wa fizikia yupo au wanasubiri wa kujitolea, maabara inafunguliwa mara ngapi kwa wiki, na hifdhi inasikilizwa na nani, maana kuna sehemu fomu foo ndo wanasikiliza fomu wani na hakuna anaewasahihisha tajwidi, yaani matamshi ya Qur'ani. Wakikuzungusha kukuonesha maabara ondoka na ada yako.