Jinsi ya kuchora lambrekini ya nembo, hatua kwa hatua

Wadau habari, leo tuchore lambrekini, kile kitambaa kinachoshuka toka juu ya helmeti ya vita kikazunguka ngao kwenye nembo za koo na miji ya Ulaya. Wengi wanaichora kama majani ya urembo tu na hapo ndo nembo inaharibika, kile ni kitambaa jamani, kina nje na ndani.

1. Chora ngao, juu yake helmeti, penseli nyepesi. Helmeti iangalie pembeni ndo rahisi.

2. Juu ya helmeti zungusha kamba ya vitambaa viwili vilivyosokotwa, desturi ni misokoto 6, anza kushoto kwako na dhahabu au fedha, inayofuata rangi kuu ya ngao, zipishane hivo hivo. Lambrekini inatokea chini ya hii kamba, ndo inaishikilia.

3. Hapa usikimbie. Kila upande shusha mstari mrefu uliopinda kama S, toa matawi, ncha zichanike chanike, na kila kinapojikunja jiulize sasa hivi naona nje au ndani?? weka alama ndogo ya penseli kabisa, mana ukifika kwenye rangi bila alama utachanganya tu. Upande mmoja ukiisha geuza karatasi kwenye kioo cha dirisha unakili wa pili.

4. Rangi: nje rangi kuu ya ngao, ndani dhahabu au fedha. Ngao ya bluu yenye simba wa dhahabu, basi nje bluu ndani dhahabu.

MASWALI

Mbona kimechanika?
Maelezo ya siku nyingi ni kwamba kilizuia jua lisichemshe chuma enzi za Vita vya Msalaba, na ile michaniko ni ya mapanga, yaani mwenyewe kapigana kweli. Wachoraji wa baadae wakaongeza madoido.

Nembo ya Tanzania mbona haina?
Haina helmeti ndugu, ina ngao, mwanamume na mwanamke, na Kilimanjaro chini. Ya Kenya pia ni ngao na simba wawili, hakuna helmeti.

Fundi pazia wangu anasema lambrekini ni ya dirishani?
Yuko sahihi, kile kipande kifupi cha juu kinachoficha fimbo ya pazia nacho ni lambrekini. Hata visiwa vya Réunion na Mauritius zipo, za mbao au bati lenye nakshi, ukingoni mwa paa.

Ya Canada mbona ni majani kabisa?
Yale ni makusudi, jani la mti wa mepo (maple) ndo alama ya nchi yao, nyeupe na nyekundu. Ila anza na kitambaa cha kawaida kwanza.