Udongo wa mfinyanzi kabla ya kununua tairi za gari kuukuu lililoshushwa

Kama umeshusha gari la zamani kwa springi fupi ili likae chini, usichague tairi kwa macho likiwa limesimama tupu. Bandika madonge ya udongo wa mfinyanzi, unene wa vidole viwili, ndani ya ukingo wa madigadi na kwenye kona za ndani tairi linapokata. Pakia watu wanne, panda tuta polepole, kata usukani hadi mwisho kushoto na kulia, kisha pima unene wa udongo uliobaki. Hiyo ndiyo nafasi yako halisi, kwa sababu springi fupi huficha kila kitu mpaka gari lipate mzigo. Chini ya milimita 10, tafuta tairi fupi zaidi.

Hapo wengi tunakosea hesabu. Tairi ya 165/80 (upana milimita 165, ukuta wa pembeni asilimia 80 ya upana huo) ya rimu ya inchi 13 ina kimo cha takriban milimita 594. 185/60 ya rimu 14 ni kama 578. Tofauti ni 16, ila juu ya tairi unapata 8 tu. Nane nyingine unazilipa chini, gari linazidi kukaribia ardhi. Tena 185 ni pana, kwa hiyo angalia upya pembeni. Na spidomita itasema 80 ukiwa kwenye 78 hivi, si tatizo.

Kipimo hiki hakifai shokapu zikiwa zimekufa, maana kwenye makorongo ya vumbi nje ya Dodoma gari litazama kuliko ulivyopima. Pia fanya asubuhi. Jua la saa saba hukausha udongo ukadondoka.