Mtoto anayetumia dawa ya ADHD: kuzijua saa za kidonge na kupunguza maudhi yake

Mtoto akianza dawa ya ADHD (tatizo la kutotulia na kushindwa kumakinika), mara nyingi skuli wanashukuru na nyumbani wanalalamika. Mwalimu anamuona ametulia, anaandika, hasimami-simami. Mama anamuona hali, halali, na ikifika alasiri anagombana na kila aliyemo ndani. Wote wawili wanasema kweli, kwani kila mmoja yuko naye katika saa tofauti za kidonge kile kile. Kwa hiyo kabla hujaitupa dawa, na kabla hujamuomba daktari apandishe au ashushe kiwango, zijue kwanza saa zake.

Tunayoyaeleza hapa yanahusu zaidi methilfenideti, inayouzwa kwa majina kama Ritalin na Concerta. Iko ya muda mfupi, ambayo huanza kushika baada ya nusu saa hadi saa moja na kufanya kazi kwa muda wa saa tatu hadi tano. Na iko ya muda mrefu, inayokwenda saa nane hadi kumi na mbili kwa kutegemea aina. Muulize mfamasia umepewa ipi. Ya muda mrefu haitafunwi wala haipondwi, maana ukiivunja, dawa ya siku nzima humwagika mwilini kwa mara moja. Kapsuli nyingine zinaruhusiwa kufunguliwa na kunyunyiziwa kwenye chakula laini kilichopoa, nyingine haziruhusiwi, usikisie.

Daftari la wiki mbili

Chukua daftari la skuli la kawaida. Kila siku andika saa ya kidonge, alichokula na saa ngapi, maumivu yoyote, hali yake, na saa aliyopitiwa na usingizi (si saa uliyomwambia alale). Siku moja inaweza kusomeka hivi:

"Jumatatu. Kidonge saa 1:10 asubuhi, baada ya yai na boflo nusu. Mapumziko hakula, chapati imerudi mkobani. Saa 5 kichwa kinauma. Saa 6:30 kafika nyumbani, analia kwa kuambiwa avue viatu. Saa 8 kamaliza sahani ya wali. Kalala saa 4 usiku."

Tuisome pamoja. Hamu ya kula imeondoka kidonge kilipokuwa na nguvu, ikarudi kilipoisha: hilo ni la kutarajiwa. Kichwa kimeuma zilipopita kama saa nne tangu ale kidogo, na huenda hata maji hakunywa. Kilio kimekuja zilipopita saa tano na kitu tangu ameze kidonge, yaani dawa ndiyo inatoka mwilini. Hakuna popote hapo panapoonesha kiwango ni kikubwa. Lakini lau angekuwa amezubaa, hacheki, kama si yeye, mnamo saa 3 asubuhi ambapo kidonge kiko kileleni, hapo tungesema kiwango pengine kimezidi na daktari aambiwe. Hasira za mwisho wa dawa na mzubao wa katikati ya dawa hutibiwa kwa njia tofauti kabisa, na bila ya kuandika saa huwezi kuzitenganisha.

Maumivu ya tumbo na kichwa kwa watoto wengi hupungua ndani ya wiki moja au mbili za mwanzo. Kukosa hamu ya kula na usingizi hukaa zaidi, na ndiyo yanayohitaji mipango.

Kula

Chakula kwanza, kidonge baadaye. Mtoto akimeza dawa halafu akaambiwa akanywe chai, nusu saa ikipita hataki tena kitu. Mwamshe mapema kidogo na ifanye staftahi iwe nzito: uji wa ulezi uliotiwa kasimile na njugu za kusagwa, au mayai mawili na boflo lililopakwa siagi, au kiporo cha wali na mchuzi wa samaki kilichohifadhiwa kwenye friji na kupashwa moto sawasawa. Chai kavu na andazi moja haitoshi, maana mlo huu ndio utakaombeba hadi mchana. Kasimile na njugu zina mafuta mengi, na mafuta ndiyo yanayotia nguvu nyingi katika chakula kidogo, jambo muhimu kwa mtoto anayekula vijiko vichache tu.

Saa za dawa usimlazimishe. Kumshikia sahani kunazaa ugomvi na mtoto akakichukia chakula chenyewe. Mpe vitu vidogo vya kushika mkononi: ndizi mbivu, tende tatu nne, kashata ya njugu, kikombe cha maziwa. Mtilie chupa ya maji mkobani na umwombe mwalimu amkumbushe kunywa. Kwa joto letu, kichwa kingi kinachouma saa 5 ni kiu na njaa. Panadoli si dawa ya kila siku. Ikibidi, kipimo ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, hivyo mtoto wa kilo 20 hupata miligramu 200 hadi 300 kwa mara moja, zipite saa nne hadi sita kabla ya nyingine, wala zisizidi mara nne kwa siku. Urojo wenye ndimu na pilipili usiwe kitu cha kwanza kwenye tumbo tupu.

Mlo mkubwa uwepo dawa inapoisha, hata kama wengine wameshakula. Halafu ongeza mwingine usiku akitoka chuoni (madrasa): mbatata za nazi, muhogo, dagaa, chochote anachokipenda. Soda na chipsi za njiani humshibisha bila ya kumjenga.

Mpime uzito kila mwezi kwenye kituo cha afya, mizani ile ile, nguo nyepesi. Urefu kila miezi sita: visigino ukutani, kitabu kilichonyooka juu ya kichwa, alama ya penseli na tarehe. Baadhi ya watoto hupungua kasi ya kurefuka, kiasi cha sentimita moja kwa mwaka katika miaka ya mwanzo. Uzito ukishuka miezi miwili mfululizo, usisubiri miadi. Mapigo ya moyo na presha vipimwe kabla ya kuanza, kila kiwango kinapobadilishwa, na kila miezi sita. Kuna wazazi wanaoona haya kuonekana wakipita geti la Kidongo Chekundu, hospitali ya akili ya Unguja, wakaishia kununua dawa tu bila ya kurudi kupimwa. Haya hiyo inamgharimu mtoto.

Mkondo wa mchana na usingizi

Mtoto wa mkondo wa asubuhi mambo yake ni mepesi. Wa mkondo wa mchana, anayeingia skuli mchana, ndiye anayetatiza. Kidonge cha muda mfupi cha saa 1 asubuhi kinaisha kabla hajaingia darasani. Mzazi akiona hivyo akahamishia kile cha muda mrefu saa 6 mchana, kitakwenda hadi saa 2 usiku au hata saa 6 usiku, na mtoto atakesha. Mwambie daktari wazi mkondo wake na saa zake za chuo. Mara nyingi cha muda mfupi karibu na saa ya kuingia skuli kinatosha, na kinakuwa kimeisha jioni. Dozi iliyosahaulika hadi alasiri iachwe, na ya kesho isifanywe mbili.

Usingizi ukisumbua, rudi kwenye daftari. Kama anakesha huku ametulia, huenda dawa bado imo mwilini na dozi ya mwisho itolewe mapema zaidi. Kama anarukaruka na kulia wakati wa kulala, inawezekana dawa imeshatoka na ni ADHD yenyewe inayomrudia. Kumpunguzia dawa hapo huenda kusisaidie. Usimpe kahawa wala kola baada ya alasiri, hata chai ya rangi iwe hafifu. Simu na televisheni zizimwe saa nzima kabla ya kulala, kisha aoge maji ya baridi. Dawa ya usingizi usimpe bila ya daktari.

Kwa hasira za alasiri, ile nusu saa hadi saa moja dawa inapotoka iache iwe tupu. Asipokelewe na maswali ya skuli, wala asitumwe dukani, wala asikalishwe kwenye kazi za nyumbani. Ale, acheze uwanjani, kisha ndiyo ahesabiwe makosa ikibidi. Bibi na wakubwa wengine wa nyumbani waelezwe, la sivyo watamchapa kwa kitu asichokimudu.

Ramadhani

Asiyebaleghe hajawajibika kufunga. Akitamani kufunga nusu siku kama wenzake, mpangie siku ambazo hakuna skuli. Aliyebaleghe azungumziwe kwa daktari na kwa sheikh pamoja kabla ya mwezi kuandama, kwani mgonjwa anayo rukhsa. Kosa la kuepuka ni kumpa kidonge wakati wa futari: kitamfungia mlo mkuu wa siku na kumnyima usingizi hadi daku.

Siku ya kwenda hospitali bila ya kungoja

Akizirai, akiumwa kifua au kubanwa na pumzi akicheza, akipata degedege, akiona au kusikia visivyokuwepo, akisema anataka kufa, akivimba uso, au mvulana uume wake ukisimama kwa maumivu na ukakataa kulala, mpeleke siku hiyo hiyo na pakiti ya dawa mkononi. Kama katika ukoo yupo aliyekufa ghafla kwa moyo akiwa kijana, daktari ajulishwe kabla ya kidonge cha kwanza.

Ziko na dawa nyingine za ADHD. Anayetumia klonidini asikatishwe ghafla, presha inaweza kupanda kwa kishindo. Anayetumia atomoksetini ameze na chakula ili asichafukwe na moyo, kapsuli isifunguliwe, na mzazi aangalie macho ya manjano au mkojo mweusi. Kumsomea Qur'ani hakugongani na kidonge. Mizizi ya kuchemsha na kunywa ndiyo inayotakiwa kutajwa kwa daktari.

Dawa iwekwe kabatini kwa kufuli, mahali pakavu, si jikoni wala juu karibu na bati ambako joto linapiga. Mkubwa ndiye amtolee mtoto, na akimeza aangaliwe. Wa Pemba wanaoagizia Unguja au Dar es Salaam wahesabu vidonge kila Ijumaa na kuagiza vikibaki vya wiki mbili, kwa sababu kusi ikichafuka boti huweza kusimama. Nakala ya cheti cha daktari iwe pamoja na dawa safarini.