Somo: Swichi ya mtandao ipokee wasimamizi kutoka anwani unazoziamini tu

Swali ni lile lile kila wiki: "nimeweka orodha ya anwani, sasa swichi inanikataa mimi mwenyewe." Naliandika hapa, atakayeuliza tena atasomeshwa hapa. Mfano ni wa swichi ya Cisco yenye IOS (programu endeshi yake). Watu wa mtandao Kampala wako 10.20.5.0/24 (yaani 10.20.5.0 hadi 10.20.5.255), Gulu kuna mashine moja tu, 10.40.1.12.

1. Ingia, andika `show users`. Anwani inayoonekana pale ndiyo ya kuruhusu. Ukipita kwenye ruta yenye NAT (inayobadilisha anwani njiani), si ile ya laptopu yako.

2. `reload in 15`. Ukijifungia nje, swichi itajiwasha upya baada ya dakika 15 na kusahau usichohifadhi. Ikiuliza kama uhifadhi mabadiliko, jibu `no`.

3. Orodha:

`access-list 10 permit 10.20.5.0 0.0.0.255`
`access-list 10 permit host 10.40.1.12`
`access-list 10 deny any log`

Hapa ndipo watu hujifungia nje, na mimi niliwahi kukosea hapa hapa. Maski (namba ya pili, inayosema sehemu ipi ya anwani lazima ilingane) ni ya KINYUME: 0 ni lazima ilingane, 255 ni yoyote. Ukiandika 255.255.255.0, swichi hailalamiki. Inaelewa kwamba namba tatu za kwanza ziwe zozote na ya mwisho iwe 0, na hakuna kompyuta yako yenye anwani hiyo. Kosa la pili halionekani kabisa: ukitengeneza orodha 10 halafu kwenye vty (laini za kuingilia kupitia mtandao) ukaandika 100 ambayo haipo, swichi inaruhusu kila mtu, nawe unalala ukidhani umefunga.

4. Laini zote za vty, si 0 hadi 4 peke yake:

`line vty 0 15`
`access-class 10 in`
`transport input ssh`

Mstari wa mwisho uweke tu kama tayari unaingia kwa SSH (njia ya kuingia iliyosimbwa).

5. Usifunge dirisha ulilo nalo. `access-class` haimtoi aliyekwisha ingia, kwa hiyo dirisha hilo halithibitishi chochote. Fungua la pili. Likikubali, jaribu na kutoka anwani isiyoruhusiwa, lazima ikataliwe. Ndipo `reload cancel`, kisha `write memory`. Ukihifadhi kabla ya kujaribu, hatua ya 2 haina kazi tena.

MASWALI

Kijana wa Jinja: Boss nimefanya yote haikubali. Nisaidie haraka.

Mwandishi: Yote yapi? Uliandika maski gani?

Kijana wa Jinja: 255.255.255.0. Na reload sikuweka, niliona inachelewesha.

Mwandishi: Yote mawili yameandikwa juu. Nenda na kebo ya konsoli (inachomekwa kwenye swichi yenyewe), kasi 9600. Orodha ya vty haigusi konsoli.

Nnyabo wa Mbale: Asante kwa somo. Je, orodha hii inalinda pia ukurasa wa wavuti wa swichi na SNMP (njia ya kufuatilia swichi kwa mbali)?

Mwandishi: Hailindi, nnyabo, na umeuliza jambo ambalo wengi hulisahau. Kama huutumii ukurasa, uzime: `no ip http server` na `no ip http secure-server`. SNMP inabeba orodha yake mwishoni: `snmp-server community JINA RO 10`. Angalia na IPv6. Swichi ikiwa na anwani ya IPv6, orodha 10 haiioni. Vty inataka `ipv6 access-class` yenye orodha yake.

Fundi Mbarara: Huku umeme ukikatika, ukirudi DHCP inanipa anwani nyingine na nakataliwa.

Mwandishi: Funga anwani yako kwenye DHCP (inayogawa anwani) kwa MAC, namba ya kadi yako ya mtandao. Bora zaidi, wape wasimamizi VLAN yao (mtandao uliotengwa ndani ya swichi), uruhusu mtandao huo mzima. Na umeme ukikatika kabla ya `write memory`, swichi huwaka bila orodha, mlango wazi.

Fundi Mbarara: Ndiyo maana logi zangu zinasema Machi 1993?

Mwandishi: Hiyo ni saa, ssebo. Swichi nyingi za Catalyst hazitunzi saa zikizimika, zinaanza upya 1 Machi 1993. Weka `ntp server` na anwani ya seva yako ya saa, la sivyo ile `deny any log` haitakuambia mtu alijaribu lini.

Mzee wa Kebo: Wenye swichi za HP ProCurve: amri ni `ip authorized-managers 10.20.5.0 255.255.255.0 access manager`. Maski huko ni ya kawaida, msiigeuze.

Mwandishi: Kweli kabisa. Anayeshika aina zote mbili aandike maski zote mbili kwenye karatasi kabla ya kuingia.