Jaribio la miche, maji na mbuzi: namna ya kulifanya kwenye shamba lako Dodoma

Kila masika miche mingi hupandwa Dodoma, na ikifika Novemba mingi imekauka au imeliwa. Ukiuliza sababu utapata majibu mawili: mvua haba, na mifugo. Ipi imeua zaidi kwenye shamba lako? Hapo watu hubishana tu, kwa sababu hakuna aliyepima. Mwongozo huu ni wa kupima. Utamfaa mkulima, kikundi cha wafugaji, mwalimu mwenye klabu ya mazingira au afisa ugani, na vifaa vyake vingi viko nyumbani tayari: debe bovu, rula, nondo, kamba, mizani na daftari.

Kupima ardhi si jambo geni huku kwetu. Mpwapwa, miaka ya 1930, watafiti walitenga vipande vya ardhi kwenye mteremko, wakakinga maji na udongo uliokuwa ukitiririka kutoka kila kipande. Mvua pale ni kama milimita 570 kwa mwaka. Kipande kilichoachwa kitupu kilipoteza nusu ya mvua hiyo, na pamoja nayo zaidi ya tani 140 za udongo kwa hekta kwa mwaka. Palipolimwa mazao, kama robo ya mvua ilikimbia. Kwenye kichaka kisicholishiwa mifugo, maji yaliyokimbia hayakufika hata asilimia 1. Mvua ni ile ile, mteremko ni ule ule. Kwa hiyo usiishie kuuliza mvua imenyesha kiasi gani. Uliza imeingia ardhini kiasi gani.

Hatua ya 1: Pima ardhi inavyokunywa maji (Septemba au Oktoba)

Toboa debe au kopo kubwa la rangi pande zote mbili libaki kama bomba. Ligongelee ardhini sentimita 5 hadi 10, ukiweka ubao juu yake ili lisipinde. Tandika kipande cha gunia ndani, mimina maji taratibu, kisha ondoa gunia. Simamisha rula, na kila dakika 5 andika maji yameshuka milimita ngapi. Mwanzoni yatashuka haraka kwa sababu udongo ni mkavu. Endelea kuongeza maji mpaka kasi isibadilike tena. Kasi hiyo ya mwisho ndiyo unayoitaka. Izidishe kwa 12 upate milimita kwa saa.

Fanya hivyo sehemu nne: kwenye njia ya ng'ombe, kwenye shamba lililolimwa, chini ya mgunga au mkungugu, na mahali ambapo mifugo haijaingia kwa muda. Kila sehemu rudia mara tatu, maana shimo moja la mchwa linaweza kukudanganya. Waite majirani washuhudie. Mzee aliyechunga maisha yake yote akiyaona maji yamesimama kwenye njia ya ng'ombe huku chini ya mti yakizama, huhitaji kumhubiria.

Hatua ya 2: Otesha mche wa aina moja tu (anza Julai, kabla ya vipimo vya hatua ya 1)

Mimi nachagua mkwaju. Ni mti wa kwetu, unavumilia ukame, na mbuzi wanaupenda. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana: ukipanda mwarobaini, ambao mbuzi hawaushabikii, hutajua kama uzio umesaidia. Usichanganye aina pia. Ukiweka mikwaju huku na migunga kule, tofauti utakayoiona mwishoni huenda ikawa ya miti yenyewe.

Mbegu zimo kwenye ukwaju wa kula unaouzwa soko la Majengo na kwenye magulio. Osha nyama yote, loweka mbegu usiku kucha kwenye maji ya uvuguvugu, tupa zinazoelea. Jaza viriba (mifuko midogo ya kuoteshea miche) udongo wa juu, samadi iliyooza vizuri na mchanga kidogo. Panda mwezi wa Julai ili Desemba uwe na miche yenye urefu wa kama sentimita 30. Utahitaji miche 120. Otesha 160, uchague iliyolingana.

Mizizi ikianza kutoboa kiriba, nyanyua viriba na kuikata. Mwezi wa mwisho punguza kivuli na maji kidogo kidogo, kutoka kila siku hadi kila baada ya siku mbili au tatu. Mche uliodekezwa kitaluni haufiki mbali ukikutana na jua la Bahi au Chamwino.

Hatua ya 3: Kubaliana na wenye mifugo kabla ya kuchimba

Hapa usiharakishe. Mwaka 1979, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, mifugo iliondolewa kwenye eneo lililoharibika sana la Kondoa. Majani na miti vilirudi, lakini gharama yake waliibeba wafugaji waliolazimika kupeleka mifugo kwingine. Jaribio dogo halina haja ya kupita njia hiyo. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, omba nafasi kwenye kikao, eleza kwamba unatenga eneo lisilofika ekari moja na kwamba nusu yake itabaki wazi kwa mifugo kwa makusudi. Watu wakielewa kuwa mbuzi wao ni sehemu ya kipimo, hawatauondoa uzio usiku wala hawatawafukuza mbuzi kwa kukuonea huruma. Yote mawili yangeharibu matokeo.

Waulize pia njia ya mifugo kwenda kisimani au lambo ni ipi, na mifugo huachiwa kuingia mashambani lini. Kwa kawaida ni baada ya mavuno, wakati mabua ya mtama na uwele yamebaki. Kuanzia hapo hadi mvua mpya, mche usio na uzio uko hatarini kweli.

Hatua ya 4: Gawa eneo

Unalinganisha namna nne za kupanda:

A: shimo la kawaida, bila uzio.
B: shimo lenye kinga maji (tuta la kukusanyia maji ya mvua), bila uzio.
C: shimo la kawaida, ndani ya uzio wa miiba.
D: shimo lenye kinga maji, ndani ya uzio.

Gawa mteremko kanda tatu: juu, kati na chini, kwa sababu chini huwa na udongo mzito na maji zaidi. Kila ukanda uwe na vipande vinne, kila kipande miche 10 kwa nafasi ya mita 3 kwa 3. Acha njia ya mita 5 kati ya vipande. Nani awe A na nani D, amua kwa kura: andika herufi kwenye karatasi, zitie kwenye kofia, mtoto achague. Fanya hivyo upya kwa kila ukanda. Ukichagua mwenyewe mkono utaelekea kuupa uzio udongo mzuri.

Mashimo yote yawe sawa, sentimita 60 kwa 60. Kinga maji ni tuta la udongo lenye umbo la V, mikono yake ikielekea juu ya mteremko, kimo cha sentimita 20 hivi, mche ukiwa karibu na kona ya chini. Hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita 1. Mvua ya milimita 20 kwenye mita 9 za mraba ni lita 180. Hata nusu ikipotea, mche mmoja umepata lita 90 bila mtu kubeba ndoo. Kwenye mbuga ya udongo mweusi usifanye hivi. Maji yatasimama na kuozesha mizizi.

Hatua ya 5: Panda mvua ikishazama

Usikimbilie mvua ya kwanza. Chukua nondo nyembamba, ichomeke ardhini kwa mkono: hupita kwenye udongo ulioloa na hukwama ukifika pakavu. Ikishuka sentimita 40, panda. Ondoa kiriba chote, shindilia udongo, na ukiweka matandazo weka kwa miche yote 120 au usiweke kabisa. Vivyo hivyo kumwagilia. Kuuonea huruma mche mmoja wa A na kuupa kopo la maji ni kulivunja jaribio.

Hatua ya 6: Andika, andika, andika

Tengeneza kipima mvua kwa kopo lenye kuta zilizonyooka, kiweke kwenye kigingi mahali pa wazi, usome kwa rula saa 3 asubuhi kila siku iliyofuata mvua. Siku mbili baada ya mvua kubwa, choma nondo kwenye kila kipande, nje kidogo ya shimo, uandike kina.

Hesabu miche iliyo hai mwezi wa Mei, kisha Novemba, na ukiweza Novemba ya mwaka wa pili. Pima urefu wa kila mche. Kwa kila uliokufa andika kilichouua: majani yamekauka yakiwa bado kwenye shina ni ukame; shina limekatwa na kuna vinyesi ni mbuzi; mche unang'oka kirahisi na mizizi imetafunwa ni mchwa. Safu hii ya daftari ndiyo itakayomaliza ubishi.

Usisahau majani. Mwezi wa Mei, weka fremu ya mita 1 kwa 1 ndani ya uzio na nje yake, kata majani, anika yakauke kabisa, pima uzito. Gramu 100 kwa mita ya mraba ni kama kilo 400 kwa ekari. Ng'ombe wa kienyeji wa kilo 200 hula kama kilo 5 za majani makavu kwa siku. Ukivuna nusu na kuacha nusu ifunike udongo, ekari hiyo inamlisha siku 40 wakati wa kiangazi. Kwa mfugaji namba hii ina uzito kuliko hotuba yoyote kuhusu mazingira.

Hatua ya 7: Soma matokeo

Linganisha C na A upate faida ya uzio, B na A upate faida ya maji. Kisha itazame D uone kama uzio na maji pamoja vinazidi kimoja kimoja. Mara nyingine B hufanya vibaya kuliko ilivyotarajiwa kwa sababu mche ulionawiri ndio mbuzi anaouona kwanza. Hapo kinga maji bila uzio ni kumwandalia mbuzi chakula. Tofauti ya mche mmoja au miwili kwenye kumi usiitegemee. Iamini inapojitokeza kwenye kanda zote tatu kwa mwelekeo mmoja. Ukanda mmoja ukipinga, rudi kwenye safu ya vifo utafute sababu kabla ya kutoa jibu.

Matokeo yapeleke kwenye kikao kile kile cha kitongoji, ukiwa na daftari mkononi, na uwatembeze watu shambani Novemba, kabla mvua haijafunika kila kitu kwa kijani. Hapo ndipo muamue pamoja msimu ujao nguvu ziende kwenye miiba, kwenye matuta, au kote kuwili.