Mguu unauma? Usikimbilie kusema ni mishipa

Huku Tanga mtu akisema tu mguu unawaka au unavuta, hajamaliza kaambiwa "mishipa hiyo", anapewa vidonge vya vitamini B anaenda zake. Mjomba wangu kavinywa miezi minne mguu uko vilevile. Kumbe shida haikuwa mishipa ya fahamu, ilikuwa mishipa ya damu, na hapo ndo lugha yetu inatuponza maana zote tunaita mishipa.

Kwahiyo usiulize mguu unauma wapi tu, uliza unauma muda gani na unatulizwa na nini. Mjomba akitembea kwenda sokoni Mgandini kigimbi kinakaza njiani kama kamba, anasimama, anajifanya anamsalimia mtu (na salamu za Tanga unazijua, mpaka mbuzi aulizwe hali), dakika tatu nne maumivu yameisha, anaondoka, mwendo uleule yanarudi tena. Kusimama tu kunamtosha. Hiyo damu haifiki vizuri, wavuta sigara na wenye sukari mjiangalie sana. Anayebanwa neva (ndo hiyo mishipa ya fahamu) mgongoni yeye kusimama hakumsaidii, mpaka akae au ainame. Sasa baiskeli ndo inawaumbua: wa mgongo akiinamia usukani anaweza kufika Raskazone hana neno, wa damu akikanyaga pedeli kigimbi kinakaza vilevile.

Halafu tafuta mapigo. Weka vidole viwili juu ya mguu, usawa wa nafasi kati ya kidole gumba na cha pili, panda kidogo mpaka katikati. Usipoyapata usiogope, kuna watu pale hawana tangu kuzaliwa, jaribu nyuma ya kifundo cha ndani. Kote kimya na mguu wa baridi? Nenda wakupime presha ya kifundo na ya mkono, ya mguu ukigawa kwa ya mkono ikaja chini ya 0.9, njia imebana.

Mguu mmoja ukivimba ghafla, una joto, kigimbi kinauma ukikibonyeza, hasa baada ya upasuaji, kujifungua au safari ndefu ya basi, tafadhali USICHUE. Najua bibi keshapasha mafuta ya nazi, mwambie shikamoo bibi, weka chini. Damu iliyoganda ikichomoka inaenda mapafuni, hospitali siku hiyohiyo, usisubiri kesho.

Miguu inayokukosesha raha usiku, ukilala inataka kuchezeshwa, ukiamka ukatembea inatulia, kapime wingi wa damu na madini ya chuma, wajawazito inawapata sana. Ukishindwa kuvaa soksi na kinena kinauma, angalia nyonga. Ila nyayo zote mbili zikiwaka na kufa ganzi, hiyo kweli ni neva, kapime sukari.

Kipimo cha mjomba kilikuja 0.7. Kapewa aspirini na dawa ya kushusha mafuta kwenye damu, kaambiwa atembee mpaka mguu uanze kuuma, apumzike, atembee tena, na sigara aache. Kutembea anatembea, sigara anavutia nyuma ya banda la kuku.