Kabla hujaingia eneo la Mistlands kwenye gemu la Valheim, panga mzigo hivi

Ukishamuangusha Yagluth, bosi wa eneo la Plains, unajiona umeiva, una nguo za Padded, una upanga wa blackmetal, unasema gemu limeisha hili. Halafu unaingia Mistlands na ndani ya dakika tano umelala chini, ukungu huoni hata hatua kumi, na kaburi lako liko juu ya jabali ambalo hukumbuki ulilipandaje. Mimi nilikufa mara nne siku ya kwanza, na mara tatu kati ya hizo nilikuwa naenda kufuata vitu vya kifo cha kwanza. Tatizo halikuwa silaha, nilibeba mzigo kama mtu anayeenda kupigana wakati ukweli ni kwamba unaenda kutafuta vitu na kurudi navyo.

Kwa hiyo anza jikoni. Matumbo ni matatu tu, aina tatu za chakula kwa wakati mmoja, na hapo ndo unaamua wewe ni nani safari hii. Bila chakula una damu (uhai) 25 na pumzi 50, hiyo hata kupe wanakumaliza. Na uchawi unakula eitr, yaani nguvu ya uchawi, ambayo mwili wako hauna kabisa, inatoka kwenye chakula tu, so kila sahani ya eitr unayokula ni sahani ya nyama (ya kuongeza damu) au ya pumzi umeiacha. Watu wengi hawalifikirii hili, wanatengeneza fimbo ya uchawi wanaifurahia halafu wanashangaa mbona wanakufa kwa pigo mbili.

Hesabu iko hivi. Seeker Aspic inakupa eitr 85, uji wa Yggdrasil 80, jumla 165. Ile fimbo ya moto, Staff of Embers, inakula 35 kwa tufe moja, maana yake mipira minne na umekauka, unabaki umeshika mti. Staff of Frost inakula 5 kwa kila kipande cha barafu, unamimina kama bunduki na adui anakuwa mzito kukimbia. Kama unachagua moja ya kuanzia chukua barafu, moto ni mtamu kwenye kundi la wadudu wamejazana mlangoni lakini ukikosa umekosa. Tena kwenye ukungu utakosa sana.

Mimi nakula mbili za eitr na moja ya nyama, Misthare Supreme nikiwa nayo, nafika damu mia na sitini hivi. Kula zote tatu za eitr waachie wenye mwenzao wa kusimama mbele na ngao.

Fimbo za damu ni habari nyingine. Dead Raiser inakuitia mifupa ikupiganie, eitr 100, na kwa anayecheza peke yake hii ni mkombozi kwa sababu wadudu wanahangaika na mfupa wewe unapumua pembeni. Staff of Protection inakuvika puto la kukukinga pamoja na wenzako walio karibu, ila inanyonya eitr na sehemu kubwa ya damu yako mwenyewe, ipige kabla ya vita, sio katikati ukiwa umebaki na damu ya kuhesabu.

Sasa usisahau, hizi fimbo zote zinatengenezwa Galdr table, meza ya vitu vya uchawi, na zinataka eitr iliyosafishwa, yaani safari yako ya kwanza huna uchawi wowote kaka. Unaingia na ulichonacho. Rungu la Frostner kama unalo beba, baridi yake inachelewesha adui na hiyo nusu sekunde ndo unahitaji. Upinde wa Draugr Fang na mishale ya sindano kwa ajili ya Gjall, lile lidude linaloelea angani kama puto, linatema mabomu ya moto na kudondosha kupe. Kupe akikung'ang'ania usihangaike na upanga, biringika anabanduka. Na ngao ndogo ya kupangua, ukimpangua Seeker, yule mdudu mkubwa wa huku, kwa wakati anayumba na unampiga bure, watu wanadharau ngao mpaka wafike huku.

Ukipata black core kule kwenye migodi ya hao wadudu basi jenga black forge, tanuru la kufulia silaha, hapo unaanza kuchagua kweli. Mistwalker kwa anayependa upanga na ngao, nayo ina baridi, mimi naiona ndo silaha bora ya eneo lile kwa mtu wa kawaida. Himmin Afl, silaha ya mpini mrefu, ni ya kuzungusha ukizingirwa. Krom, upanga mkubwa, inaua vizuri ila mikono yote miwili imeshikwa, ngao huna. Nguo za Carapace zinakaza lakini zinakupunguza mbio, na mchawi avae eitr-weave kwa sababu inarudisha eitr haraka.

Feather cape tengeneza mapema kuliko silaha yoyote, nasema kweli. Mistlands ni majabali matupu, ukiwa nayo unaruka kutoka juu kabisa unatua kama unyoya na ukizidiwa unajirusha tu. Ubaya wake moto unakuumiza zaidi, ukimsikia Gjall kunywa barley wine, kinywaji cha kukinga moto, kwanza.

Halafu kiunoni. Wisplight inafukuza ukungu, mkanda wa Megingjord unakuongezea uzito wa kubeba 150 juu ya 300, zote zinakaa sehemu moja. Nenda na Wisplight, Megingjord weka kwenye begi, badilisha wakati wa kurudi ukiwa umejaa mizigo na njia unaijua. Begi lina vyumba 32 tu so usibebe silaha tano, mbili zinatosha. Vyumba vinavyobaki weka vifaa vya portal, mlango wa kusafiri papo hapo hadi nyumbani: fine wood 20, macho ya greydwarf 10, surtling core 2, na mbao 10 za workbench (meza ya kazi), ambayo kwa kujengea haihitaji paa. Ukifika tu piga portal kabla hujagusa kitu. Na nyumbani acha seti ya pili ya nguo kwenye sanduku karibu na portal, maana ukifa kila kitu kinabaki kaburini, na mimi niliwahi kufuata kaburi na kaptula.

Eneo la Ashlands kule kusini kabisa mwa ramani sitaki kuongea sana, ila bahari yake inachemka, usiende na meli ya longship itaungua njiani, jenga meli ya Drakkar. Fimbo ya moto inapoteza makali kwa maadui wa huko walioungua tayari. Feather cape fikiria mara mbili, barley wine iwe ya kumwaga. Utamu ni kwamba huko unapata stone portal ambayo inapitisha hadi madini, ukiijenga tu habari ya kuvusha chuma kwa boti usiku kucha imekwisha.